Jambojet au KQ: pesa yako uipandishe ndege ipi?

Tuanze na hili kabla hatujaanza kubishana: Jambojet, shirika la ndege la bei nafuu, ni ya Kenya Airways, yaani KQ, yote, mia kwa mia. Kwa hivyo ukikaa usiku na simu yako unapima bei za Nairobi–Mombasa, huku wanasema hivi, kule wanasema vile, jua hiyo shilingi yako popote utakapoipeleka inalala nyumba moja. Lakini usidhani basi ni kitu kimoja, manake hizi ni kampuni mbili, leseni mbili, wafanyakazi tofauti, ndege tofauti na hasa hasa masharti tofauti ya mizigo, na hapo kwa mizigo ndipo watu wanaumia, mtu anafika kaunta anaanza kugombana na msichana wa watu ambaye hata hayo masharti hakuyaandika yeye.

Mimi msimamo wangu nausema mapema ili usisome mpaka mwisho ukiutafuta: kwa Malindi, Diani na Lamu hakuna cha kulinganisha, panda Jambojet. Kwa Mombasa na Kisumu inategemea begi lako na siku unayonunua tiketi. Na kama hiyo Nairobi unapita tu ukielekea nchi nyingine, lipa hiyo tofauti uende na KQ kwa tiketi moja na ulale usingizi. Sasa nieleze kwa nini.

Mama alizaa kwa nini

Jambojet ilianza kuruka tarehe 1 Aprili 2014, siku ya wajinga, tarehe ambayo ukitangaza nauli ya ndege ya shilingi 2,850 mtu ana haki ya kuuliza kama unamtania. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kuanzia, kwenda tu bila kurudi, na walianza na Mombasa, Kisumu na Eldoret. Mkubwa wao wa kwanza alikuwa Mholanzi anaitwa Willem Hondius. Wakati huo soko la ndani lilikuwa limeshachangamka, Fly540 walikuwa wanapiga bei tangu 2006 na abiria wa mfukoni mwepesi alikuwa ameshaonja ndege, harudi nyuma.

KQ wenyewe hawakuweza kushusha bei kwa jina lao. Shirika kubwa lina mambo mengi ya kulisha, kuna sehemu ya biashara na ukumbi wake wa kupumzikia, kuna begi la kuunganishwa kutoka Guangzhou mpaka Kisumu, kuna mikataba ya mishahara ya miaka na miaka, na hizo gharama zote ukizibebesha safari ya saa moja ya kwenda Pwani haziingii hata kwa dawa. Na hali ya mama mwenyewe haikuwa nzuri, na ikazidi kuwa mbaya, mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, Jambojet ikiwa imeshaanza, walitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7, watu wakashika vichwa. Kwa hivyo wazo la kufungua kampuni ya pembeni lilikuwa hili: anza upya na mikataba yako, siti zote za kawaida, chakula kiuzwe, begi lilipiwe, tiketi ziuzwe kwa mtandao na M-Pesa, ndege isikae chini muda mrefu.

Mashirika mengi duniani yamejaribu mchezo huu na mengi yameungua. Afrika Kusini walikuwa na Mango, mtoto wa South African Airways, ilianza 2006, ilipendwa kweli, halafu mama akazama kwenye madeni na mtoto akasimamishwa Julai 2021. Nayataja haya sio kukutisha, ni kwa sababu kuna watu husema eti kampuni yenye mzazi mkubwa haiwezi kukuacha uwanjani. Inaweza. Ila Jambojet mpaka sasa imejishika vizuri na nadhani sababu kubwa ni ndege walizochagua, si tangazo wala rangi.

Pangaboi, yaani ndege ya mapanga, na jeti

Mwanzoni Jambojet waliruka na Boeing 737-300 za mama, ndege za kizazi cha zamani zinazobeba karibu mara mbili ya watu wanaobebwa na ndege zao za sasa. Kujaza ndege ya ukubwa huo kwenda Mombasa siku ya Ijumaa sio shida, shida ni Eldoret Jumanne saa nne asubuhi, unaruka na siti tupu huku injini mbili za jeti zinakunywa mafuta kama kawaida. Polepole wakahamia kwenye Dash 8-400, ile wengi wanaiita Q400 au Bombardier, wakaziacha 737 kabisa. Leo kundi lao lote ni aina hiyo moja, siti 78, zote za kawaida, hakuna pazia la matajiri.

Aina moja tu ya ndege ina maana kubwa kuliko inavyosikika. Rubani yeyote anaweza kupewa ndege yoyote, fundi anajua injini moja, vipuri vya stoo ni vya aina moja, na siti namba 10A leo ni ileile 10A ya kesho. KQ kwa upande wao wana Embraer 190 za siti 96, yaani 12 za biashara na 84 za kawaida, wana Boeing 737-800 za siti 145, na wana zile Dreamliner za masafa marefu. Kwa Mombasa na Kisumu mara nyingi utakutana na Embraer, siku nyingine watu wakiwa wengi wanaleta kubwa zaidi.

Zikae bega kwa bega:

Dash 8-400 ya Jambojet: imetengenezwa Kanada, injini mbili za Pratt & Whitney PW150A, kila moja na mapanga sita, mwendo wa karibu kilometa 660 kwa saa, huruka mpaka futi elfu 25 hivi, siti mbili huku mbili kule, siti ya kati hakuna.

Embraer 190 ya KQ: imetengenezwa Brazil, injini mbili za jeti za General Electric, mwendo unaopita kilometa 800 kwa saa, inaweza kupanda mpaka futi elfu 41, nayo ni siti mbili huku mbili kule, siti ya kati hakuna.

Ukiangalia hizo namba utasema jeti imeshinda, lakini ngoja. Nairobi mpaka Mombasa kwa anga ni kilometa mia nne na kidogo. Ndege yenyewe inapanda, inatulia kidogo, inaanza kushuka, hata mhudumu hajamaliza kupita na toroli. Tofauti ya mwendo inaishia kuwa dakika kumi hivi, ambazo utazipoteza hata hivyo ukisubiri begi. Kwa safari fupi hivi mapanga yanakula mafuta kidogo kuliko jeti na hiyo ndiyo siri ya bei, hakuna uchawi.

Halafu kuna hili la watu kudharau mapanga, "mimi sipandi hiyo ya mafeni, ni ya zamani". Ndugu yangu, Dash 8-400 iliruka mara ya kwanza 1998, Embraer 190 iliruka 2004, hawa ni rika moja tu. Na ile injini ndani yake ni tabo (turbine) ileile ya kuzunguka kwa moto kama ya jeti, ila nguvu yake inapelekwa kuzungusha mapanga badala ya kusukuma moshi nyuma. Wasomaji wa Bongo mnaijua hii ndege vizuri tu, ndiyo ileile Air Tanzania walipokea mbili Septemba 2016 zikaleta maneno mengi mtandaoni, wao waliweka siti 76 na sita kati yake ni za biashara. Ukiona kadi ya usalama mfukoni mwa siti moja imeandikwa Bombardier na nyingine De Havilland usishtuke, Bombardier waliuza mradi huo 2019 na jina la zamani likarudi, ndege haikubadilika.

Kelele zipo, nisikudanganye. Ile herufi Q waliiweka kumaanisha kimya kwa sababu kuna mtambo ndani wa kupunguza mtetemo na mlio, na kweli ni afadhali kuliko Dash za kale, lakini siti zinazotazamana na mapanga zinanguruma na simu yako ukiiweka mezani inatembea yenyewe. Kaa nyuma. Kwenye ndege hii nyuma ndiko kwenye utulivu, kinyume na jeti nyingi ambapo watu wanakimbilia mbele. Na bawa liko juu, kwa hivyo karibu kila dirisha linaona chini, unaona Tsavo, unaona mto Galana ukikata nchi nyekundu, na ukikaa karibu na injini utaona magurudumu yakikunjwa na kuingia ndani ya kasha la injini, watoto wanapenda hilo kuliko juisi.

Jeti inakushinda wapi? Mawingu ya mchana. Embraer ina uwezo wa kupanda juu zaidi na ina mwendo wa kutoka haraka kwenye hali mbaya, na kwa Kisumu hasa, msimu wa mvua, alasiri ile ambapo mawingu ya ziwa yanajijenga, kuruka juu ya Bonde la Ufa kwa pangaboi kunaweza kukutikisa vizuri. Haina hatari, inakera tu. Kama una tumbo jepesi chukua ndege ya asubuhi, kampuni yoyote.

Unaenda wapi haswa

Hapa ndipo watu wanafanya makosa ya kulinganisha nauli badala ya kulinganisha safari. KQ safari zao za ndani zinaenda Mombasa na Kisumu. Jambojet wanaenda huko na pia Eldoret, Malindi, Ukunda ya Diani na Lamu, na kwa Malindi na Ukunda sababu ni ndege. Ranwei (njia ya kurukia ndege) ya Malindi ni karibu kilometa 1.4 tu, ya Ukunda ni fupi hata zaidi, huko Embraer iliyojaa hawezi mtu kukuletea, lakini Dash inatua, inageuka na inaondoka. Yaani pangaboi unalolidharau ndilo linakufikisha mlangoni.

Sasa piga hesabu ya mtu anayeenda Diani. Akipata tiketi ya bei nzuri ya Mombasa atafurahi, halafu atashuka uwanja wa Moi, Changamwe, atatafuta teksi, aamue kama anapita Likoni asimame kwenye feri na begi lake na jua la saa saba, au azunguke Dongo Kundu, ambako kwa kweli kumesaidia sana tangu barabara ile ifunguliwe, lakini bado ni mwendo na dereva anajua wewe ni mgeni. Ukishuka Ukunda hoteli nyingi ziko dakika kumi, tena kuna tuktuk. Nauli ya Ukunda inaweza kuwa juu kuliko ya Mombasa, sikatai, ila iongeze teksi kwenye ile ya Mombasa kwanza ndio uniambie ipi ni rahisi. Malindi ni hivyo hivyo: kutoka Mombasa ni kilometa 120 za barabara, na kama ni Watamu unaenda basi Malindi ni hapo tu.

Ila ubaya wa Ukunda na Malindi ni kwamba safari kwa siku ni chache. Ukiikosa ya asubuhi unaweza kukaa sana, wakati Mombasa zipo kuanzia alfajiri mpaka usiku na ukichelewa moja kuna nyingine.

Lamu sina la kusema refu, ndege inatua kisiwa cha Manda kisha unavuka kwa mashua, na kwa basi kutoka Mombasa ni safari ndefu yenye historia mbaya ya usalama. Chukua ndege.

Kwa wa Pwani wenyewe kuna hii Mombasa–Zanzibar waliyoanza Julai 2024. Zamani mtu wa Mombasa kwenda Unguja kwa ndege ilibidi mara nyingi apande mpaka Nairobi kwanza halafu arudi alikotoka, kichekesho kitupu kwa visiwa unavyokaribia kuviona. Walijaribu pia Entebbe 2018 na Goma 2021, sasa hizo za nje usinunue kwa mazoea, angalia kama ratiba ya mwezi wako ipo kweli, maana njia za kampuni hizi huja na kuondoka.

Mizigo, ndio vita vyenyewe

Begi la mkononi Jambojet ni kilo 7. KQ siti ya kawaida ni kilo 12. Kilo tano hizo ni laptopu, chaja, viatu na zawadi ya shangazi. Na kwenye Dash hata kama begi lako lina kilo saba sawasawa, sanduku la juu ya kichwa ni dogo, lile begi gumu la magurudumu haliingii, watalichukua mlangoni na kuliweka chini, kwa hivyo toa dawa, funguo na chochote cha kuvunjika kabla hujafika ngazini.

Begi la chini ndilo linabadilisha mchezo. Jambojet tangu siku ya kwanza walijengwa kwa wazo kwamba nauli ya chini kabisa inakubeba wewe na kibegi chako, begi la kuchekini unaongeza pesa, na ukiongeza mapema mtandaoni ni nafuu kuliko kuongezea uwanjani ambako huna ujanja. KQ tiketi yao ya kawaida huwa na begi la kilo 23 ndani yake, ila nao wana aina kadhaa za tiketi siku hizi, isome kabla ya kulipa, usinihukumu mimi.

Tuseme Jambojet umeiona kwa elfu tano na KQ kwa elfu saba. Tofauti elfu mbili, unaruka kwa furaha. Ukiongeza begi la chini, ukiongeza kuchagua siti, ukinunua na maji na kitu cha kutafuna humo ndani (KQ kinywaji na kitafunio kidogo kinakuja), ile elfu mbili inayeyuka mpaka inabaki mia chache. Kwa mtu anayeenda Mombasa siku mbili na begi la mgongoni Jambojet inashinda bila kujadili. Kwa mama anayerudi kutoka likizoni na watoto watatu, embe za Kilifi, achari, mabuyu na madera ya kuuza ofisini, aingie kwa KQ atoke na akili yake.

Wanafunzi wanaoenda Eldoret na sanduku la muhula mzima, mtalipa tu hilo begi, lilipieni mapema.

Bei ina tabia zake

Hakuna bei ya Jambojet na hakuna bei ya KQ. Ndege moja ina bei nyingi ndani yake, za kwanza chache ni rahisi, zikiisha zinapanda ngazi, na kompyuta haina huruma. Kwa hivyo swali sio nani ni rahisi, ni nani ni rahisi leo kwa siku yako. Nimeona mara nyingi, hasa ukinunua dakika za mwisho, mtoto anauza ghali kuliko mama, kwa sababu ndege ya siti 78 inajaa haraka na ngazi za chini zimeshaisha, huku Embraer au 737 ya mama bado ina siti. Watu wanafungua apu ya Jambojet tu kwa sababu wameshakariri kwamba ndio ya bei nafuu, wanalipa, hawakuangalia kwingine. Fungua zote mbili, kila mara.

Kumbuka pia ndani ya kila tiketi ya safari ya ndani kuna ada ya uwanja, shilingi 600, haikwepeki kwa yeyote, kwa hivyo zile ndoto za tiketi ya elfu moja ziache.

Nunua kwenda na kurudi kivyake. Kampuni hizi za bei nafuu zinauza kila mguu kwa bei yake, hakuna adhabu ya kuchanganya, unaweza kwenda Ukunda na Jambojet Alhamisi na kurudi na KQ kutoka Mombasa Jumapili usiku. Mtu wa Nairobi mwenye kazi Jumatatu atanielewa.

Tiketi ya chini kabisa kubadilisha tarehe ni maumivu kila mahali. Kama safari yako ni ya mazishi, kesi mahakamani au kikao ambacho bosi anaweza kukisogeza, nunua aina ya juu kidogo inayoruhusu kubadilisha, itakuokolea pesa.

Ukiwa na safari ya mbele

Unatoka Kisumu unaenda Muscat, Doha, London, au unarudi Minneapolis baada ya likizo. Usicheze. Ukinunua Kisumu–Nairobi kwa Jambojet kivyake na Nairobi–London kwa KQ kivyake, hizo ni ahadi mbili zisizojuana. Begi unalichukua Nairobi, unatoka nalo nje, unachekini upya, na kama ya kwanza imechelewa ile ya pili haikudai wala haikusubiri, hata kama wenye hisa ni walewale. Ukinunua tiketi moja ya KQ kutoka Kisumu mpaka mwisho wa safari, begi linapita na ukichelewa ni shida yao kukupangia nyingine.

Kuna mtego hapa pia: tiketi inaweza kuuzwa na KQ kwa namba ya KQ halafu ndege yenyewe ikawa ya Jambojet, namba ya Jambojet ikianza na JM. Sio vibaya, kama yote imo ndani ya tiketi moja ulinzi wako unabaki, ila soma ni nani anaendesha ndege ili usiende kaunta isiyo yako, na usome kilo zako kwenye kila mguu wa safari.

Ukishikilia kununua mbili mbili kwa sababu ya bei basi acha pengo, na mimi pengo ninalolikubali ni la kulala Nairobi usiku mmoja kwa ndugu. Wenye kukusanya pointi pia, KQ wana Asante Rewards na wamo kwenye umoja wa mashirika ya ndege wa SkyTeam, mtu anayesafiri kila mwezi kikazi hiyo ni pesa.

Kuchelewa

Kampuni yenye ndege chache ikipoteza moja kwa hitilafu, siku nzima inavurugika, manake ndege ileile iliyotoka Nairobi alfajiri imepangiwa Kisumu, irudi, iende Malindi, irudi, iende Mombasa usiku. Chelewa ya saa mbili asubuhi inakufikia wewe wa saa moja jioni ikiwa imekomaa. Mama ana ndege nyingi zaidi za kuazima, lakini naye ana matatizo yake ya ukubwa, Novemba 2022 marubani wa KQ waligoma na abiria wakarundikana JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, siku kadhaa. Dawa ni moja kwa wote wawili: ndege ya kwanza ya asubuhi, ambayo imelala hapo hapo uwanjani.

Wazee na watoto

Dash ina ngazi yake yenyewe kwenye mlango, fupi, imekaa chini, na kwa bibi mwenye magoti hiyo ni raha kuliko kupandishwa ngazi ndefu ya jeti. Ila utatembea kwenye lami mpaka kwenye ndege, kwa hivyo kama anahitaji kiti cha magurudumu kiombe wakati wa kununua tiketi, sio siku ya safari. Mwenye miguu mirefu naye asitegemee miujiza kwa yeyote, labda alipie biashara ya KQ, ambayo kwa safari ya dakika hamsini mimi naiona ni kutupa pesa, isipokuwa kama ofisi ndio inalipa, hapo jinyooshe.

Na treni je

Lazima mtu aulize. Madaraka Express tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza, karibu saa tano au sita, Syokimau ya Nairobi mpaka Miritini ya Mombasa. Daraja la kawaida hakuna ndege inayoligusa, familia ya watu watano isijisumbue kufikiria. Lakini lile la kwanza la 4,500, ukiongeza usafiri wa kufika Syokimau na wa kutoka Miritini kuingia mjini, linakaribia sana tiketi ya Jambojet iliyonunuliwa wiki kadhaa mapema, na hapo unauza saa zako nne bure. Tena usidhani unaokoka kwa kuchelewa kununua, tiketi za treni za likizo zinaisha mapema mno.

Desemba ndio balaa lenyewe. Kuanzia tarehe 18 hivi kwenda Pwani, na tangu tarehe 2 Januari kurudi Nairobi, bei zote mbili zinakuwa za kuudhi na hakuna mama wala mtoto wa kukuonea huruma. Nunua Septemba. Ukichelewa, geuza mwelekeo: jaribu Malindi badala ya Mombasa, jaribu ndege ya mchana ya tarehe 25 yenyewe wakati watu wako kwenye pilau, na ukikosa kote angalia Wilson, ule uwanja mdogo wa Nairobi, Safarilink na Skyward wanaruka kwenda Pwani kutoka pale, na kwa mtu wa Lang'ata au Ngong Road kufika Wilson ni rahisi kuliko kukaa kwenye foleni ya Mombasa Road ukiangalia saa.